Aanze na Supa Modo, halafu ndo Vuta N'kuvute

Swali lenu la wiki hii mmeuliza wikendi tumeangalia filamu gani, na kama mtu ana usiku mmoja tu tungemwambia aanze na ipi. Mie nimeangalia mbili, zote drama na zote za huku huku kwetu Afrika Mashariki, Jumamosi Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, Jumapili Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, na jibu langu ni Supa Modo wala sihitaji kufikiria mara mbili. Najua kuna watakaoniona mshamba, maana Vuta N'kuvute ndo filamu ya heshima, ndo iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021 na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka Oscar baada ya kukaa kimya miaka mingi. Hayo yote nayajua na nampongeza Shivji kwa moyo mweupe. Ila mmeuliza mtu aanze na ipi.

Nianze na ya Jumamosi. Sisi tuliosoma HKL, yaani mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, riwaya ya Adam Shafi tunaijua mpaka usingizini, imetoka 1999, tumeichambua kidato cha tano na sita, dhamira, wahusika, mandhari, tukajibia mtihani. Kwa asiyeijua, ni Unguja ya miaka ya hamsini, Muingereza bado yupo, na binti wa Kihindi anaitwa Yasmin ameozwa kwa Raza, mwanaume ambaye kiumri ni baba yake kabisa, binti anashindwa anatoroka anaenda kuishi kwa shoga yake Mwajuma huko Ng'ambo, mitaa ya pale pale mjini Unguja nje ya Mji Mkongwe, na huko ndo anakutana na Denge, kijana wa siasa anayesambaza makaratasi ya kumpinga mkoloni na kukimbizana na polisi. Mapenzi na siasa humo humo. Sasa hebu fikiria hadithi ya namna hiyo, ina ndoa ya lazima, ina ubaguzi wa rangi, ina polisi, ina taarabu, yaani mtu ungekaa umeshika roho mwanzo mpaka mwisho.

Na kwa macho kweli utashiba. Sijawahi kuona Mji Mkongwe umepigwa picha hivyo, wala sisemi ile ya matangazo ya utalii, milango na pwani na mtoto anaruka majini, hapana, hii ni ya vyumba vyenye taa hafifu, kuta zilizobambuka chokaa, nguo zimeloa jasho, mtu kakaa dirishani hasemi kitu na bado unataka kuendelea kumtazama. Na Kiswahili cha Unguja kinaongewa na watu wanaokiongea, sio yule mwigizaji wa Dar anayeongeza "yakhe" kila sentensi akidhani ndo keshakuwa Mzanzibari. Kwa hilo tu ilistahili kwenda Toronto.

Tatizo langu ni Denge. Jamaa anaongea kama kipeperushi anachosambaza. Kila akifungua mdomo ni ukombozi, mkoloni, wanyonge, sawa, huyo ndo Denge hata kwenye kitabu, lakini kitabu kina kurasa za kutosha kukuonyesha anakula wapi, anatania vipi na wenzake, anaogopa nini. Filamu ina saa moja na nusu hivi na muda mwingi imeamua kuutumia kwenye ukimya na macho. Mpaka nafika mwisho nilikuwa najua msimamo wa Denge ila simjui Denge, hata ungeniuliza anapenda kula nini ningebaki natoa macho. Yasmin kapona kidogo kwa sababu Ikhlas Gafur Vora anaigiza na shingo, na mabega, na namna ya kuingia chumbani, unaona binti anajifunza kuwa mwili ni wake. Lakini mapenzi yao wenyewe mie sikuyaamini, niliona watu wawili wazuri wamepigwa mwanga mzuri.

Aliyebeba ile filamu ni Mwajuma. Siti Amina jamani! Yule dada ni muimbaji kweli huko Zanzibar, na akiingia tu nyumba nzima inapata joto, anacheka, anasema ovyo, anaimba, anampokea mwenzie bila maswali mengi. Kila akitoka kwenye skrini nilikuwa nasubiri arudi. Bi mkubwa wangu aliyekuwa anachambua mchicha pembeni, mtu ambaye muvi zake ni za marehemu Kanumba na tamthilia za Kituruki, alivumilia mpaka katikati akasema "hawa wanatazamana mno, nani atapika?" akaondoka zake, ila sauti ya Mwajuma ikisikika anachungulia mlangoni.

Sasa Supa Modo. Ni ya 2018, fupi, haifiki hata saa moja na robo, na hadithi yake ukimsimulia mtu anaweza kukwambia asante sitaki kulia wikendi. Kuna mtoto wa kike wa miaka tisa, Jo, ni mgonjwa, ugonjwa usiopona, mama yake anamtoa hospitali anamrudisha kijijini siku zilizobaki awe nyumbani. Jo anapenda muvi za ngumi na za mashujaa wenye nguvu za ajabu, anaota awe kama wao. Dada yake mkubwa, Mwix, hawezi kukubali kukaa tu kumsubirisha mtoto kifo, basi anatengeneza uongo, anamfanya Jo aamini kwamba na yeye ana nguvu hizo, na taratibu anawaingiza watu wa kijiji wote kwenye huo mchezo.

Hapo ndo iliponishika, na sio kwa sababu ya mtoto mgonjwa, maana mtoto mgonjwa kila mtu anaweza kukuliza naye. Ni ule ugomvi wa mama na Mwix. Mama hataki. Mama anataka mtoto apumzike, ale dawa, alale, afe kwa utulivu, Mwix anataka acheze mpaka mwisho, na wote wawili wanampenda sawasawa na hakuna mbaya hapo. Hiyo ndo drama bwana. Kwenye muvi zetu nyingi ugomvi lazima uwe na mchawi, au mama mkwe, au mchepuko, ili mtazamaji ajue wa kumchukia ni nani. Hapa nilimchukia mama dakika kumi, kisha nikamwelewa, kisha nikamkasirikia Mwix kwa kuwapa watu wengine mzigo wa kudanganya, kisha nikarudi tena upande wake, na Marrianne Nungo aliyecheza mama hata sauti hapandishi sana, anakunja tu nguo za mtoto na wewe unaelewa amechoka kiasi gani.

Halafu hii habari ya kumficha mgonjwa sisi tunaijua jamani, tusijifanye. Baba mkubwa alipougua daktari alituita pembeni sisi ndugu, tukakubaliana asiambiwe, akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Kila anayeingia kumwona anaambiwa kwanza mlangoni cha kusema. Shangazi ndo alikuwa hodari, anaingia anacheka "ah wewe mbona umenenepa" halafu anatoka uani anajifunika khanga usoni. Yule mzee alikuwa anatutazama tu. Mpaka leo kwenye ukoo hakuna anayezungumza kama alijua au hakujua, na naangalia Supa Modo, kijiji kizima kimepangana kumdanganya mtoto, nakumbuka ule mlango. Filamu inakuacha unamtazama Jo usoni unajiuliza huyu anajua kiasi gani, na Stycie Waweru, mtoto mdogo kabisa, anaigiza hicho kitu ambacho watu wazima wenye majina wanashindwa.

Kuna kingine nilikipenda, kibanda cha muvi pale kijijini. Sisi tuliokulia kwenye mabanda umiza tunajua, benchi za mbao, joto, televisheni moja, na sauti ya Lufufu inakutafsiria Wachina kwa mbwembwe ambazo Mchina mwenyewe hajawahi kuzisema, Kenya wao wana DJ Afro. Kwa mtoto wa pale, shujaa wa muvi anaongea lugha yako na anakutania wewe. Ndo maana Jo kuamini kwamba anaweza kuwa mmoja wao hakukunishangaza hata kidogo, na kijiji kinapoamua kuingia kwenye hiyo ndoto yake (siendelei, kaangalieni) unaona mwandishi anawajua hawa watu na mapenzi yao ya muvi.

Siyo kwamba haina kasoro. Kijiji kina roho nzuri mno. Watu wote hao na hakuna hata mmbea mmoja wa kuropoka? Hakuna anayesema "hela ya mchezo huu si bora ingeenda dawa"? Kijiji cha namna hiyo mie sijakiona, na pale katikati matukio ya Jo kuonyesha "nguvu" zake yanajirudia kidogo. Pia najua kuna wanaosema ni filamu ya kutafutiwa machozi ya Wazungu kwa sababu One Fine Day Films walioshiriki kuitengeneza ni kampuni ya Wajerumani na filamu yenyewe ilianza kuonyeshwa kwenye tamasha la Berlin. Mie hoja hiyo huwa hainiingii. Nairobi Half Life imetoka humo humo na Wakenya waliijaza kumbi mwaka 2012, kwa hiyo swali la mie mtazamaji ni kama watu walioko ndani ya filamu wanapumua, na hawa wanapumua.

Kwa hiyo mwenye usiku mmoja, Supa Modo, na aangalie na watu, asiangalie peke yake kwenye simu na earphone, kwa sababu ikiisha utataka kubishana na mtu kuhusu mama na Mwix, sisi tulibishana mpaka chai ikapoa na bi mkubwa yuko upande wa mama hadi sasa. Vuta N'kuvute iache ya usiku mwingine, zima taa, skrini kubwa kama unayo, usiwe na haraka na usiwe umetoka kusoma kitabu juzi juzi maana utabaki unahesabu nani hayupo. Na Shivji kama unasoma hapa, kaka, au yeyote mwenye kamera huko Unguja, mtengenezeeni Mwajuma muvi yake mwenyewe, nyumba yake, kikundi chake cha taarabu, wanaume zake, madeni yake, mie nitalipa kiingilio na bi mkubwa nitamlipia.