Maswali Yenu: Wanafalsafa wa Urusi Chini ya Wakomunisti

Swali: Hiyo "meli ya wanafalsafa" inayotajwa ilikuwepo kweli?

Ilikuwepo, tena haikuwa moja. Mwaka 1922 Lenin aliagiza wasomi walioipinga serikali yake wafukuzwe nchini. Mwishoni mwa Septemba meli ya Kijerumani, Oberbürgermeister Haken, iling'oa nanga Petrograd (leo St. Petersburg) ikiwa imewabeba wanafalsafa Nikolai Berdyaev na Semyon Frank. Novemba ikafuata meli nyingine, Preussen, iliyomchukua mwenzao Nikolai Lossky. Kila mmoja aliruhusiwa koti la baridi, koti la kiangazi, suti moja na nguo chache za ndani. Waliambiwa pia kwamba wakirudi bila ruhusa watapigwa risasi.

Swali: Na waliobaki je?

Wengi huwaonea huruma waliofukuzwa. Mimi nawalilia waliobaki. Mwanafalsafa Gustav Shpet aliomba jina lake litolewe kwenye orodha ya meli, akakubaliwa. Mwaka 1937 akauawa kwa risasi huko Tomsk, Siberia. Pavel Florensky, padri na mwanahisabati, alikamatwa 1933, na mwaka uliofuata akapelekwa kambi ya wafungwa kwenye visiwa vya Solovki, Bahari Nyeupe, kaskazini mwa Urusi. Kichwa kile kikubwa kikawekwa kazini kutafuta namna ya kupata madini joto na agari (kitu cha kugandishia kama jeli) kutoka kwenye mwani, naye alifanya kazi hiyo kwa bidii, huku akiwaandikia wanawe barua za kuwafundisha. Aliuawa Desemba 1937. Cheti ambacho familia yake ilipewa miaka mingi baadaye kilidai kwamba alifariki 1943. Hata tarehe ya msiba wao walinyimwa.

Swali: Vyuoni walifundisha falsafa gani basi?

Ya Marx na Lenin, iliyoitwa "diamat", kifupi cha maneno ya Kirusi yenye maana ya "uyakinifu wa kidialektiki". Miaka ya 1920 watu bado walibishana kwa hoja. Mwaka 1931 Kamati Kuu ya chama ikalilaani kundi la mwanafalsafa Abram Deborin, lililokuwa limeshinda mabishano hayo miaka miwili tu kabla. Kuanzia hapo chama ndicho kilichoamua nani yuko sahihi, na kuanzia 1938 wanafunzi wakasomeshwa sura ya kitabu iliyoandikwa na Stalin kuhusu somo hilo.

Swali: Je, aliyemwamini Marx kwa dhati alikuwa salama?

Hapana. Mwanafalsafa Evald Ilyenkov alimsoma Marx kwa makini kuliko waliomshtaki kwamba anampotosha, na bado mwaka 1955 akaondolewa kufundisha Chuo Kikuu cha Moscow.

Swali: Hakuna aliyefikiri apendavyo akafika uzeeni?

Yupo Mikhail Bakhtin, mwanafalsafa na mhakiki wa fasihi. Baada ya kukamatwa alihamishiwa Kustanai, Kazakhstan, akawa mtunza hesabu. Mwaka 1938 alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa mifupa. Aliendelea kuandika bila kujua kama kuna atakayechapisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wasomi vijana wa Moscow, waliokuwa wakidhani amekufa zamani, wakagundua kwamba yu hai na anafundisha katika mji wa Saransk. Wakafunga safari kwenda kumwona, wakahangaikia kazi zake, na mwaka 1963 kitabu chake kuhusu mwandishi wa riwaya Dostoevsky kikatoka upya.