Wale Wawili Uliwafanyaje?

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia: "Kaka, jana nimemaliza The Last of Us, usingizi haukuja. Yule daktari sikutaka kumuua, gemu imenilazimisha. Kosa langu li wapi?"

Swali hili nalipenda. Hapa Majengo nina banda la PlayStation. Wateja wengi wataka mpira tu, lakini wale wachache wa gemu za hadithi huwakalisha tukajadiliana mpaka adhana ya Magharibi. Najivunia hilo, na sioni haya kulisema.

Kwa ambao hawajaicheza: ni gemu ya mwaka 2013. Joel, ambaye ndiye unayemchezesha, amemvusha msichana Ellie Marekani kwa sababu kuvu iliyoangamiza watu haimdhuru msichana huyo. Wakifika hospitali ya Salt Lake City, madaktari wataka kumpasua wapate chanjo, na upasuaji wenyewe utamuua. Ellie mwenyewe hakuulizwa. Joel anaua watu njia nzima hadi chumba cha upasuaji. Daktari amesimama mbele yake na kisu kidogo mkononi, na gemu haisongi mpaka umuue.

Lakini mle chumbani mna wasaidizi wawili, na hao waweza kuwaacha hai. Hapo ndipo ninapowabana vijana wangu: wale wawili uliwafanyaje? Wengi waliwamaliza nao. Kijana mmoja alininunia, akaondoka bila kuaga. Kesho yake akarudi, akaniambia, "Niliwapiga kwa sababu walikuwa pale." Jibu hilo nimelithamini kuliko ushindi wowote wa ligi yetu ya bandani.

Basi mdogo wangu, daktari mwachie mtunzi wa gemu. Jiulize juu ya hao wawili. Na ukisimulia, sema "nimempiga", usiseme "Joel kampiga". Usijifiche nyuma ya "gemu tu". Gemu tu haimnyimi mtu usingizi. Katika gemu ya Red Dead Redemption 2 pia, unapomtwanga mgonjwa Thomas Downes kwa ajili ya deni, padi ya kuchezea i mikononi mwako. Arthur Morgan, yule unayemchezesha, anaambukizwa kifua kikuu pale, nawe utamsikia akikohoa mpaka mwisho.

Halafu usiiharakie sehemu ya pili ya The Last of Us, ile ya mwaka 2020. Daktari yule ana binti, jina lake Abby, na karibu nusu ya gemu utaicheza ukiwa yeye.