Jibu: Macho yanaweza kuonyesha mtikisiko wa ubongo?

Pole sana ndugu yangu wa Masasi kwa mdogo wako kugongana vichwa mpirani. Ulichosikia, kwamba macho yanaweza kuonyesha mtikisiko wa ubongo, ni kweli. Macho huongozwa na sehemu nyingi za ubongo, hivyo ubongo ukitikisika, macho huweza kushindwa kwenda sambamba. Kifaa cha EyeBOX, kilichoidhinishwa Marekani 2018, humwonyesha mgonjwa video inayozunguka skrini huku kamera ikifuatilia macho. Ni dakika chache tu. Ila kifaa hicho humsaidia daktari, hakichukui nafasi yake. Mwanangu alipoanguka kutoka juu ya mkorosho, daktari alimpitishia kidole polepole mbele ya macho akifuate; macho yaliruka-ruka badala ya kuteleza. Huyo wako akitapika, akisinzia ovyo au mboni zikipishana ukubwa, mkimbize hospitali papo hapo, hata kama ni usiku, tafadhali. Mpira asiuguse hadi daktari amruhusu.