Kwa ndugu anayedhani wokovu wake umekwama

Ndugu yangu, Bwana asifiwe. Umeandika kwamba uliokoka miaka mingi iliyopita, kwamba bado unashindwa na hasira nyumbani, na kwamba kila unapofanyika mkutano wa injili unapita mbele upya kuongozwa sala ya toba, kana kwamba ile ya kwanza haikushika. Waliotangulia kukujibu wamepingana: mmoja anakutaka ufunge na kuomba hadi hasira ikome, mwingine anasema usihangaike kwa kuwa Mungu atamaliza mwenyewe. Nionavyo, wote wawili wameliacha linalokusumbua hasa, yaani utajuaje kwamba unakua.

Andiko mlilolitaja wote ni Wafilipi 1:6, ambapo Paulo anasema ana hakika kwamba aliyeanza kazi njema ndani yao ataimaliza hata siku ya Kristo Yesu. Wafilipi hao hawakuwa watu waliokwisha kukamilika. Matendo 16, inayosimulia injili ilivyofika katika mji wao wa Filipi, inatueleza habari za Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau kutoka Thiatira ambaye Bwana alimfungua moyo, na za mlinzi wa gereza aliyetaka kujiua usiku wa tetemeko. Na katika sura ya 4 ya waraka wenyewe, ulioandikiwa watakatifu wote wa mji ule, Paulo anawataja Euodia na Sintike kwa majina akiwasihi wapatane. (Sijui kama leo kuna mchungaji angethubutu.) Hakika ya Paulo, basi, haikutokana na hali yao bali na yule aliyeianza kazi, na siku aliyoitaja kuwa ya kumaliza ni siku ya Kristo. Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, anakiri katika sura ya 3 kwamba hajafika kwenye ukamilifu.

Mimi nimelelewa katika ushirika wa uamsho, ule ambao chimbuko lake mojawapo ni Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na Kenya na kufika kwetu Bukoba. Katika ushirika huo mtu husimama akatoa ushuhuda, akaungama mbele ya wenzake yaliyomkuta tangu walipoachana. Nikiwa kijana nilishangaa kuona kwamba wazee tuliowaheshimu kuliko wote ndio waliotubu mara nyingi zaidi, tena kwa mambo ambayo sisi vijana tusingeyahesabu kuwa dhambi: mzee mmoja kumjibu mkewe kwa dharau, mama mmoja kufurahi moyoni pale upepo ulipoangusha migomba ya jirani aliyekosana naye. Watu hao hao walipookoka walikuwa wametubu wizi na kupiga wake zao. Ukiwapima kwa wingi wa toba ungesema wanarudi nyuma. Sisi tulioishi nao tulijua kwamba walikuwa wanaona leo wasichokiona jana. Sikatai kwamba wapo waliotubu ili waonekane, na waliogeuza toba kuwa fimbo ya kuwachapia wengine, lakini hao walijulikana upesi.

Kwa hiyo, ndugu, soma tena ulichoandika mwenyewe. Umesema, kama jambo la kupita tu, kwamba siku hizi hulali kabla hujamwomba mkeo msamaha, ilhali zamani mliweza kununiana wiki nzima. Hapo ndipo ninapoiona ile kazi, ingawa wewe umeitaja kama ushahidi wa kushindwa. Wala hili halimpi haki aliyekuambia usihangaike, kwa maana katika Wafilipi 2:12-13 Paulo anawaagiza watimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na sababu anayotoa ni kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao. Wazee wetu waliamini hivyo, na bado walitembea kwa miguu kwenda ushirika hata siku za mvua.

Kuhusu kupita mbele tena, sioni haja. Mhubiri wa mkutano huondoka kesho yake, na hasira yako inabaki nyumbani. Zungumza na mkeo waziwazi, kisha na mzee wa kanisa unayemwamini, uwaulize wameona nini kikibadilika kwako tangu ulipookoka, nawe uwe tayari kuambiwa pia kile ambacho hakijabadilika.