Hailaita inayoacha majivu shavuni

Dada, umesema hailaita, kile kipodozi cha kung'arisha uso, inakuacha na majivu shavuni, na vitundu vya ngozi puani vinaonekana zaidi. Hayo ni makosa mawili tofauti.

Majivu ni kosa la rangi. Chembe za fedha au nyeupe ni nyepesi mno kwa ngozi nyeusi, hivyo zinaonekana zimekaa juu tu. Maji ya kunde hupendeza na dhahabu. Mweusi zaidi achukue shaba au dhahabu iliyokolea. Ijaribu shavuni, si mgongoni mwa mkono, kisha toka nje ujitazame kwenye mwanga wa mchana. Taa za dukani ni waongo wakubwa.

Vitundu ni kosa la mahali. Mng'aro hutangaza kila kilichoinuka au kubonyea, kwa hiyo kwepa pembeni mwa pua, penye chunusi na katikati ya paji. Paka juu ya mfupa wa shavu kuelekea kwenye panja, kona ya ndani ya jicho, na mstari mwembamba juu ya mfupa wa pua.

Ya krimu hutangulia poda; ya unga hufuata. Ukiweka krimu juu ya poda, itashika mabaka. Kiasi cha punje ya mchele chatosha kila shavu: gongagonga kwa kidole, usisugue, utang'oa faundesheni, yaani kipodozi cha rangi ya ngozi kilichopakwa chini yake. Kama uso wako hutoa mafuta mchana, tumia ya unga. Ikizidi, gonga kwa sponji yenye mabaki ya faundesheni.