Volti ziko, lakini betri haijai

Swali: Habari fundi. Nina kinyozi hapa Ahero. Paneli yangu ya sola ni ya wati 100 na nimeilaza juu ya mabati. Mita inasoma volti 21, hata asubuhi kukiwa na mawingu, lakini kufikia saa kumi na moja jioni mashine ya kunyolea inazima. Fundi wa huku anasema paneli ni nzima kwa sababu volti ziko, eti ninunue betri nyingine. Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, usinunue betri bado. Hapa Nakuru naletewa shida hii kila mara, na huanza na maneno hayohayo: "volti ziko." Volti za paneli ambayo haijafungwa kwenye kazi yoyote hazithibitishi uzima wake.

Mwanga ukiipiga silikoni, hung'oa elektroni, na mpaka ulio kati ya tabaka mbili za seli huzisukuma upande mmoja. Hapo ndipo volti inapozaliwa, kama 0.6 kwa seli. Paneli ya aina yako huwa na seli 36 zilizofuatana. Zidisha, utazipata hizo 21. Lakini volti haijali sana wingi wa mwanga. Mwanga ukipungua hadi sehemu moja ya kumi, mita itashuka hadi 19 hivi tu, ilhali ampia, yaani kipimo cha umeme unaopita, zitabaki sehemu moja ya kumi. Betri hujazwa na ampia. Asubuhi yako ya mawingu ina volti nzuri na karibu hakuna chaji.

Saa sita mchana, jua likiwa wazi, chomoa paneli kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri. Weka mita kwenye ampia za DC (umeme wa moja kwa moja), waya mwekundu uchomeke kwenye tundu la ampia 10, kisha gusa ncha mbili za paneli. Linganisha na Isc iliyoandikwa nyuma, yaani ampia za paneli ncha zake mbili zikiunganishwa. Kwa wati 100 huwa karibu 6. Betri usiipime hivyo kamwe, utajiunguza. Ukipata 5 na zaidi, paneli haina kosa, kagua nyaya, kontrola na betri. Ukipata 1 au 2, tafuta kivuli kwanza. Tawi moja likifunika seli moja, linaweza kuzibana nyingine pia. Halafu inua paneli kiasi cha kiganja hewa ipite chini, maana kila digrii moja ya joto hula karibu asilimia 0.3 ya volti.

Kinachoniuma ni kwamba wauzaji wameigeuza mita kuwa chambo. Mteja mmoja wa Njoro aliniletea paneli yenye kibandiko cha wati 150. Alisema muuzaji aliisogeza mlangoni pa duka, kivulini, akagusa nyaya, 20 ikatokea, naye akalipa. Niliipima kwa futi: sentimita 67 kwa 45. Jua kali hutoa kama wati 1,000 kwa mita mraba, na paneli nzuri ya silikoni hunasa asilimia 20 na kidogo. Eneo lile haliwezi kuzidi wati 70, ibandikwe karatasi gani. Juani ilitoa ampia 2.8, yaani wati 50 hivi.

Ukienda kununua, beba futi na mita. Omba paneli itolewe juani, upime ampia kabla ya kutoa pesa. Anayekataa, mwachie paneli yake.