Anzia kwenye mabuyu, kitabu kitafuata: kufunza mimumunyo hapa Mombasa

Juma lililopita nilipata ujumbe wa mwalimu kijana anayefunza upande wa Likoni. "Shikamoo mwalimu. Wanafunzi wangu wa gredi ya saba wanazitaja aina za mimumunyo bila kukosea. Lakini nikiwawekea glasi ya maji ya chumvi na glasi ya tui la nazi, wanasema zote mbili ni mimumunyo. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Mmumunyo ni mchanganyiko ambao kitu kimoja kimeyeyuka kabisa ndani ya kingine, na tui si mmumunyo. Kwenye simu nilikujibu kwa maneno machache, ila jambo hili limenikaa rohoni kwa miaka mingi, na najua hauko peke yako.

Kitabu huanza na maana, kisha aina, kisha maswali. Mtoto anakariri, anapata alama zake, na jioni hajui kilichomo ndani ya kikombe chake cha chai. Mimi huanza na maji ya mtaani. Mtoto wa Mombasa amebeba mitungi ya lita 20 tangu akiwa mdogo. Anayajua maji ya mkokoteni, anayajua maji ya kisima, na anajua ni yapi yanayokataa kutoa povu la sabuni. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vingi maji yake yana chumvi. Basi leta maji ya kisima darasani, yaweke mezani, uliza: chumvi iko wapi? Mbona haionekani? Tukiyachuja kwa kitambaa, itabaki kwenye kitambaa?

Waache wabishane. Usiwakatize hata kama kengele inakaribia. Wachuje wenyewe, waonje, wakute bado ni ya chumvi. Glasi moja iachwe hadi kesho yake, waangalie kama kuna kilichotuama chini. Wakishaona kwamba mmumunyo ni angavu, hautuami na hauchujiki, sasa waandike maana yake, na wataiandika kwa maneno yao. (Kuonja ni kwa vikombe vya jikoni na vitu vya jikoni tu. Chombo cha maabara hakiguswi na mdomo, na hilo lisemwe kila mara.)

Halafu leta juisi ya ukwaju. Nyama ya ukwaju itashuka chini, sukari haitashuka, na hapo watagundua kwamba glasi moja inaweza kuwa na mmumunyo na kisicho mmumunyo kwa pamoja. Tui la nazi ndilo linalowapotosha wengi, kwa sababu kwa muda mfupi halionyeshi kutengana. Lizimue kwa maji mengi, funga madirisha, washa tochi ya simu. Kwenye tui mwanga utaonekana umepita kama mstari, kwa kuwa matone ya mafuta ni makubwa kiasi cha kuutawanya. Kwenye maji safi ya chumvi hakuna mstari, chembe zake ni ndogo mno. John Tyndall alilichunguza jambo hili katika karne ya 19, na mtoto wa Likoni anaweza kulirudia kwa simu ya mamake.

Sasa nieleze kitu ambacho bado kinaniuma. Katika shule moja niliyofunza, mkuu wangu wa idara aliingia darasani wakati glasi zimepangwa mezani na watoto wamekusanyika. Akauliza mbele yao, "Hapa ni darasa au ni mkahawa?" Watoto wakacheka. Akaniamuru nikusanye vitu vyangu nirudi kwenye ubao. Kijana mmoja, ambaye hakuwa akiinua mkono muhula mzima, hakucheka. Alikuwa ameshika tochi, na dakika chache kabla alikuwa akiwaeleza wenzake kwa Kiswahili safi kwa nini mwanga unaonekana kwenye tui. Kijana huyo leo ni mfamasia. Alinipigia simu alipohitimu, na katika yote tuliyosoma pamoja, alichokikumbuka ni tochi ile. Kwa hivyo ukichekwa, mwanangu, endelea. Alama za mtihani zitakuja zenyewe. Wape washike kwa mikono yao.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye kushiba. Chukua gramu 100 za maji, uliza: chumvi au sukari, kipi kitaingia zaidi? Wengi husema ni sawa. Azima mizani dukani, mpime. Chumvi itakoma karibu na gramu 36, iliyobaki italala chini hata ukoroge mpaka mkono uchoke. Huo ni mmumunyo ulioshiba, na kabla ya hapo ulikuwa haujashiba. Sukari katika nyuzi 20 itakwenda hadi karibu gramu 200. Mkichemsha maji, chumvi itaongezeka kidogo tu, hadi kama gramu 39, lakini sukari itapita 400. Mwalimu asiyewaonyesha tofauti hii amewanyima utamu wote wa somo.

Na mmumunyo ulioshiba kupita kiasi? Mabuyu! Kila mtoto hapa ameyala, na wengi wamemwona mama au nyanya akiyapika: sukari nyingi, maji kidogo, rangi, iliki, moto. Shira ya moto inabeba sukari ambayo maji yaliyopoa hayawezi kuibeba. Ikianza kupoa inakuwa imeshiba kupita kiasi, na ikikorogwa, sukari iliyozidi inaganda juu ya kokwa, punje kwa punje. Nikifika hapo darasa huwa halinihitaji tena, wanaelezana.

Bahari pia itumie. Kilo moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, kwa hivyo bahari iko mbali sana na kushiba. Ndiyo maana kule Gongoni, kaunti ya Kilifi, maji huachwa kwenye mabwawa ya kina kifupi, na jua hulazimika kuondoa karibu sehemu tisa katika kumi za maji kabla chumvi ya kupikia haijaanza kuganda.

Aina kwa hali ya vitu hazina haja ya kipindi kizima. Gesi ndani ya gesi: hewa, ambayo ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21. Gesi ndani ya kioevu: soda, na waulize kwa nini ya moto humwagika povu zaidi ikifunguliwa kuliko ya baridi. Yabisi ndani ya yabisi: shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, ile ya madele ya wauza kahawa wa Mji wa Kale.

Kuhusu gharama uliyoniuliza: chumvi pakiti moja, sukari kilo moja, ukwaju kidogo, nazi moja. Mkuu wa shule akikataa kutoa, waambie watoto kila mmoja alete kijiko kimoja cha kitu kutoka kwao. Hawatakataa. Somo la tochi lifanye asubuhi, tui likiwa bado bichi.